Nilitia Chumvi Kwenye Trei ya Shemeji Yangu

Bibi Msema Wazi, shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijafanya la pili, maana la kwanza nimeshalifanya na limenishinda kulibeba, na nakusihi uisome barua hii yote hata kama katikati utatamani kuitupa.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na minne, fundi wa mafriji, nina mke na mabinti wawili wa shule. Mke wangu ni muuguzi wa wodi ya wazazi, zamu yake inaanza saa moja kamili asubuhi, kwa hiyo kwa miaka kumi na moja, tangu binti yetu mkubwa azaliwe, anayetangulia kuamka nyumbani kwetu ni mimi, saa kumi na moja alfajiri, nabandika chai, nakaanga mayai, napasha mkate kwenye kikaango kwa sababu tosta ilikufa zamani na fundi hatengenezi vya kwake, na mke wangu anakuja na taulo kichwani, anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, na hapo kabla watoto hawajaamka tunapata kama dakika ishirini zetu wawili, ananisimulia daktari gani ana mdomo na mtoto gani kazaliwa anapiga kelele kama king'ora, mimi namsimulia friji za watu na maajabu niliyoyakuta ndani, tunacheka, halafu siku inatuchukua, na jioni kila mtu kachoka hana neno. Majirani wananitania kwamba mimi ndiye mama wa nyumba hii. Nilikuwa naona sifa.

Miezi mitatu iliyopita akaja kukaa kwetu shemeji yangu, mdogo wa kiume wa mke wangu. Ni mpishi wa hoteli, hoteli ikapata mmiliki mpya na jiko zima likaambiwa lirudi nyumbani. Nilimpokea kwa mikono miwili, Bibi, na godoro nilibeba mwenyewe kichwani.

Jumapili ya pili mchana nikamwona amejaza meza yangu. Kakata mkate wa juzi vipande vipande, kapanga kwenye trei pana, juu yake viazi vya kuchemsha, soseji, vitunguu alivyokaanga mpaka vikawa vyekundu, hoho, jibini kidogo, halafu mayai kumi na mbili kayapiga na maziwa na kamwaga juu, kafunika kwa foili, kaingiza kwenye friji. Nikamuuliza, "Shemeji, mbona huiivishi?" Akacheka. "Acha mkate unywe mayai mpaka kesho. Asubuhi ni kuwasha oveni tu, anayetaka kuoga anaoga, anayetaka kuvaa anavaa, ikiiva kila mtu anakata pande lake. Inatosha mpaka Jumatano."

Kesho yake nilipoamka, mke wangu akanishika bega, akaniambia maneno ambayo mpaka leo yananichoma: "Mume wangu, wewe lala tu. Trei ipo."

Lala tu! Nikalala, macho makavu, nikinusa vitunguu vinaiva upande wa pili wa ukuta na kumsikia mke wangu anacheka na mdogo wake jikoni, kicheko kile kile nilichokuwa nakipata mimi, na kwenye kiti changu, maana na mimi nina kiti changu pale, najua kakaa yeye. Wiki ikawa mwezi. Watoto wakamwita Mjomba Trei. Zamani mabinti zangu walikuwa wanakokotwa mezani, sasa wanakimbia. Mdogo aliniona nimenuna akanipapasa mkono, akasema, "Baba, mayai yako nayo yalikuwa mazuri." Yalikuwa, Bibi. Mtoto wa miaka saba ananizika kwa kitenzi kimoja.

Nikaanza kumchukia mtu kwa mambo ambayo hayana kosa. Anavyofuta meza. Anavyoimba akiosha vyombo. Mke wangu akimsifia nasema chakula kina mafuta. Nilinunua mayai trei nzima bila kuulizwa, yakaozea kabatini kwa sababu hakuna aliyeyahitaji. Kisha nikaona wameanza kunong'onezana, nikiingia wananyamaza, mke wangu anageuza mazungumzo kuwa ya maji na umeme, nikajiambia basi, sasa hata siri nyumba hii inazo na mimi simo.

Jumapili moja saa tisa alasiri walitoka na watoto kwenda dukani. Nilibaki na friji. Nikainua foili, nikachukua chumvi, nikatia vijiko vinne vya mezani kwenye yale mayai na maziwa, nikachanganya taratibu kwa uma pembeni ili mkate usisogee, nikafunika vizuri kama alivyofunika yeye, kona kwa kona. Nia yangu ilikuwa Jumatatu wateme, wacheke, mimi nitokee na kikaango changu.

Jumatatu nikaamka mapema kuliko wote ili nisikose. Nikawakuta wote wawili wamevaa wako mlangoni, shemeji kapiga pasi shati jeupe, trei imefungwa kwa taulo mikononi mwake. Mke wangu akatabasamu: "Tulitaka tukuambie likishakuwa. Mkuu wa kantini ya hospitali anatafuta mpishi wa asubuhi, amekubali kumwonja leo. Trei anaiivishia kule kule. Akipata kazi kuna na chumba cha wafanyakazi, tutabaki wenyewe."

Bibi, mdomo niliokuwa nao ni wangu na ulimi ni wangu. Nikasema, "Haya, nendeni salama."

Mkuu wa kantini, mama mtu mzima, alitemea kwenye karatasi, akauliza mpishi gani huyu asiyejua alichotia. Mke wangu anasema ndugu yake alionja kipande kimoja, akaweka uma chini, hakujitetea hata kidogo. Na hapa ndipo penye moto. Baba yao marehemu alianza kupotewa na kumbukumbu akiwa bado na nguvu zake, na dalili ya kwanza iliyowashtua watoto ilikuwa hiyo hiyo: alitia chumvi kwenye mboga mara tatu, akaapa hajatia. Baada ya miaka miwili alikuwa hayajui majina yao. Shemeji anaamini zamu yake imefika. Hapiki tena. Amebandika karatasi kwenye friji, anaandika kila alichofanya, nimefunga mlango, nimezima jiko, nimemeza dawa ya kichwa, na pembeni anatia alama. Mke wangu namsikia analia bafuni maji yakiwa yamefunguliwa. Ameshamwombea miadi kwa daktari wa mishipa ya fahamu, wiki ijayo Alhamisi.

Na mimi nimerudishiwa jiko langu. Nakaanga mayai kila asubuhi, mke wangu anakaa kwenye kiti cha plastiki na hasemi kitu. Jana shemeji alisimama kando yangu akaniambia, "Shemeji, mimi nikianza kusahau watoto, usiniache nikae nao peke yangu." Nikageuza yai.

Nikisema, nyumba itavunjika. Nisiposema, sijui. Nifanye nini?

Ni mimi, Mkono wa Chumvi


BIBI MSEMA WAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, ingawa leo nimeipokea shikamoo yako kwa ncha za vidole.

Barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine zote, na mhariri nimemgombeza mpaka akakubali, kwa sababu wakati wewe unaniuliza ufanye nini kuna mtu mzima anaandika kwenye karatasi kwamba amefunga mlango.

Nianze na kukuonea huruma, maana baadaye sitapata nafasi. Wivu wako naufahamu na siucheki. Mwanamume kuumia kwa ajili ya jiko si aibu. Mkeo alisema "lala tu" kwa kukuhurumia, na bila kujua akakunyang'anya saa yako nzuri kuliko zote za siku. Ungekasirika, ungenuna, ningekuelewa. Lakini niambie: katika miaka hiyo kumi na moja, ulimwambia hata mara moja kwamba zile dakika ishirini ndizo zinazokuamsha? Hukumwambia. Ulitegemea mayai yakusemee, na mayai hayana mdomo.

Sasa nikuseme. Chumvi ilikuwa upuuzi wa mtoto wa chekechea. Pale mlangoni ndipo ulipokuwa mtu mbaya. Ulimwona mwenzako na shati la pasi anabeba aibu uliyompikia wewe, na ungeweza kusema neno moja tu, "Subirini," hata ungezuga kwamba friji lilizimika, wewe si fundi? Ukamwombea safari njema. Na ona ujinga wa kijicho: ulitaka aondoke, ukaenda kuufunga kwa mikono yako mlango aliokuwa anatokea. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Unaogopa nyumba kuvunjika. Nyumba gani? Hiyo yenye mmoja analia bafuni, mmoja anaandika milango aliyofunga, na mmoja anageuza yai? Sikiliza basi.

Leo hii, ukimaliza kusoma, sio kesho ukishajipanga. Mfuate shemeji yako kwanza, mkiwa wawili, mchana kweupe. Mwambie umetia wewe na umtajie idadi ya vijiko. Usianze na "unajua shemeji", usimwambie ulivyoumia, hiyo atakuuliza mwenyewe akitaka. Akikutukana, pokea. Mkeo mwambie siku hiyo hiyo kwa mdomo wako, asije akayasikia kwa ndugu yake. Kesho yake nenda kantini, umwambie yule mama mbele ya wapishi wake kwamba mpishi hakukosea, mharibifu ni wewe. Utaona haya. Vizuri, yaone.

Daktari wa Alhamisi waachie wao waamue, wewe huna kura.

La mwisho ni la jikoni, na hili nakuambia kama mwanamke aliyelea watoto sita kwa zamu. Mtu anayekaanga mayai amempa mwenzake mgongo. Trei inakaa kwenye oveni dakika arobaini na tano na haihitaji kugeuzwa. Hesabu mwenyewe muda umeongezeka au umepungua. Amka saa kumi na moja kama ulivyozoea, washa oveni, vuta kiti, umtazame mkeo usoni wakati anasimulia. Shemeji akikubali kukufundisha kuipanga, jifunze. Akikataa, usimlaumu, kula mkate mkavu.

Na usiniandikie tena kabla hujayafanya. Sitafungua bahasha.


ALIANDIKA TENA, SIKU KUMI NA MOJA BAADAYE

Bibi, nimefanya.

Shemeji nilimkuta anakunja nguo sebuleni. Nikasimama kama mtuhumiwa, nikasema, "Ile chumvi niliitia mimi."

Akaacha kukunja. "Vijiko vingapi?"

"Vinne."

"Vya chai au vya mezani?"

"Vya mezani."

Akakaa sakafuni pale pale, shati la mtoto mkononi. "Kwa hiyo sikusahau."

"Hukusahau."

"Nilitia kimoja, nikafunika."

"Ulitia kimoja, ukafunika."

Akalia, Bibi, analia huku anacheka, mpaka nikaogopa. Halafu akainuka akanizaba kofi moja la nguvu, akaniomba radhi, kisha akafikiri, akasema radhi hiyo anaifuta. Akaenda kubandua karatasi ya kwenye friji. Daktari walienda hata hivyo, maana mke wangu alisema uongo wangu mmoja unatosha, anataka kusikia kwa mwenye mashine. Kichwa chake ni kizima.

Kantini nilikwenda. Yule mama alinisikiliza mikono kiunoni, wapishi wameacha sufuria. Kazi ameshampa mtu mwingine. Ila ameagiza trei mbili kila Jumanne na Ijumaa kwa wauguzi wa asubuhi. Shemeji anaziandaa, mimi nazibeba, na sharti lake ni kwamba nisiziguse mpaka awe ameonja yale mayai na maziwa na kuzifunga kwa kamba. Nakubali. Kupanga mkate amenionyesha. Kutia chumvi bado haniamini.

Mke wangu nilimwambia jioni ile ile, na zile dakika ishirini pia nikamwambia. Hakupiga kelele. Alisema, "Ningekuwa na pa kwenda ningekwenda. Sina. Kwa hiyo utaniona hapa hapa nimekasirika mpaka nitakapochoka." Siku tisa amekuwa akivalia chumbani, anapita jikoni bila kukaa, anaondoka na pande lake kwenye karatasi.

Bado hajachoka. Lakini leo alfajiri nimewasha oveni, nimekaa, nikasikia mlango. Ameingia na taulo kichwani, akavuta kiti, akanikunjia uso. Leo, Bibi, amekuja kukasirikia jikoni.