Masale ya Bibi Aikande

Old Moshi, 4 Machi 2003

Mwanangu Filbert,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba baba yako amevikwa kofia ngumu ya njano. Wageni wa kampuni yenu waliisahau kwenye kiti, nami naivaa ninapokamua. Ng'ombe ameshanizoea.

Hali zenu huko Dar? Sisi wazima, mgonjwa ni kahawa tu.

Zahanati mliyojenga imekwisha. Matofali hayakuchomwa kwa kuni, msitu umepona. Kibao cha mlangoni kinasema Malengo ya Milenia, na watu wanakisoma kwa sauti ya kanisani. Ila nilipokuwa Kahe kwenye mpunga, vijana wako waliizungushia zahanati ua wa masale. Wameyatoa wapi?

Baba yako,
Ebenezeri

Dar es Salaam, 19 Machi 2003

Shikamoo baba,

Sisi wazima, mkweo Doris ameanza kuwa mzito. Wafadhili walitaka mimea ya asili isiyoletwa kwa gari, nikawaambia vijana wachukue kihambani, shambani kwetu, yale ya nyuma ya migomba. Yamejaa bure.

Baba, mtoto wa kwanza tulimpoteza. Huyu nataka azaliwe huko nyumbani, kwenye jengo nililosimamia mwenyewe.

Mwanao,
Filbert

Old Moshi, 6 Aprili 2003

Marahaba mwanangu,

Tu wazima, tukiacha usingizi. Yale ya nyuma ya migomba ni masale ya kaburi la mama yangu, bibi yako Aikande. Kwetu ukihamisha masale umemhamisha aliyelala. Mchungaji anasema hayo ni mambo ya kale, ila siku hizi anapitia njia ya juu, asiikaribie zahanati.

Ufunguo wa zahanati ninao mimi. Nilifungua jana. Chumba cha kuzalia kina rangi mpya, na kinanuka ugoro, ule aliokuwa akinusa mama. Nikagusa kitanda. Kilikuwa na joto.

Nikamwita jirani yetu Kornelia anuse. Hakuingia. Alisema, "Mwacheni. Huyo mama hajawahi kukaa bure."

Mvua ikikatika nitayarudisha masale. Doris asije kabla.

Baba yako,
Ebenezeri

Dar es Salaam, 30 Mei 2003

Shikamoo baba,

Barua yako ilikwama posta, nimeisoma leo mchana. Doris amepanda basi asubuhi. Barua hii naituma kwa basi la kesho. Tafadhali, asipite kule zahanati.

Mwanao,
Filbert

Old Moshi, 11 Juni 2003

Mwanangu,

Doris mzima. Mtoto mzima, wa kike, ana sauti ya dalali.

Uchungu ulimshika njiani, mvua inamwagika, akakimbilia zahanati. Anasema alikuta mlango wazi. Nilipofika, mtoto alikuwa ameshaviringishwa kwenye khanga. Nikavua kofia.

Doris anaomba uishukuru kampuni kwa muuguzi yule. Mama mtu mzima, mkali, ananuka ugoro, mikono ya moto. Muda wote alikuwa akimwambia, "Huyu hatumpotezi."

Masale nimeyaacha palepale.

Baba yako,
Ebenezeri

Nimesahau. Nilikwenda wilayani kuuliza jina lake. Wanasema zahanati hiyo bado haijapangiwa muuguzi.