Kioo cha Kumchungulia Bibi

Jumatatu, 6 Mei

Bibi amepona! Shemeji kamaliza kubadilisha silinda jioni hii, kapangusa mikono, kasema neno moja: "Tayari." Mtu wa maneno ya kuhesabu.

Ndege zangu tatu—Bibi, Mkorofi na Kiroboto—ndogo zote, za kukodisha, hakuna hata moja niliyoizidi umri. Mwenzangu alipofariki, watu walisema uza. Shemeji, mdogo wake, akasema nisiuze, yeye hana pengine pa kwenda. Uongo mtupu! Fundi wa ndege hutafutwa kama dawa. Namshukuru Mungu kwa uongo ule.

Jumatano, 8 Mei

Tumemrusha Bibi. Sheria ya banda letu: aliyekaza nati ndiye abiria wa kwanza. Na Shemeji anaogopa kuruka kuliko paka anavyoogopa maji. Kakaa kando yangu macho kafumba, dua mdomoni, toka tunaondoka hadi tunatua. Nikamtania—fundi gani haangalii kazi yake? Akasema kazi yake anaisikiliza.

Injini safi kabisa. Nikampigia daktari wa meno: Jumamosi Bibi ni wako. Ana leseni yake mwenyewe, humkodi Bibi kila mwezi, na bila yeye banda hili lingekuwa limeshafungwa. Safari hii anakwenda na mkewe na binti yao mdogo. Alifurahi mno. Nami nimefurahi. Siku njema, alhamdulillahi.

Alhamisi, 9 Mei

Nilishangilia mapema mno.

Mwenzangu alichora kila zana kwa rangi nyeupe kwenye ubao wa kuzitundikia. Spana ina kivuli chake, bisibisi ina chake. Jioni kivuli kikibaki wazi, hakuna ndege inayotoka mpaka zana ipatikane. Leo kioo cha kuchungulia hakipo—kile kidogo cha duara, kwenye kijiti, cha kuonea nyuma ya injini.

Shemeji alikuwa kamfungua Bibi kumkagua baada ya safari ya jana. Mama mkwe akaleta chakula, akamwita. Anakumbuka kuwa kioo alikiacha juu ya injini. Baada ya kula akamfunga Bibi. Hajui kama alikitoa. Sijawahi kumwona na uso ule.

Nikasema ni kioo tu, na Bibi karuka vizuri. Hakupandisha sauti. "Shemeji, kama huna shaka, wapandishe wanao."

Nikawawaza wanangu, nikanywea. Nikaenda kushika tochi.

Ijumaa, 10 Mei

Tumepekua kila mahali. Ndani ya injini, chini ya viti, ndani ya mabawa, hadi kwenye pipa la taka. Patupu.

Nimemweleza daktari ukweli kwa simu. Kachukia. Kampuni ya ng'ambo ya uwanja iko tayari kumpa ndege, anasema, na kesho Bibi asipokuwa tayari, atahamia huko moja kwa moja. Nilijibu nimeelewa. Kisha nikakaa kwenye ngazi ya Kiroboto nikalia kidogo. Shemeji kaniletea chai, karudi kazini. Bora hivyo.

Usiku—siamini ninachoandika. Tumerudi nyumbani, Mama mkwe yuko dirishani, mdomo wazi, kioo chetu ndani! Jino la nyuma linamsumbua wiki nzima, kaficha, maana tungempeleka kwa daktari. Anasema alikiazima tu. Kwani alijua kina kazi? Shemeji kamtazama mamaye weee, kisha kicheko kikampata hadi kakaa sakafuni. Nimecheka mbavu zangu zinauma. Kesho Bibi anaruka! Nina watu, mimi. Nina watu kweli.

Jumamosi, 11 Mei

Kivuli kimejaa asubuhi. Daktari kafika na mabegi, mkewe, binti kambeba mkononi. Shemeji akaomba kidogo tu—upande wa nyuma, pale alipoishia alipoitwa kula.

Kidogo kikawa kirefu. Kisha akaniita, taratibu. "Shemeji, njoo uone."

Ufa. Mwembamba kama unywele, kwenye bomba la mafuta, juu tu ya bomba la moshi. Matone yakidondoka pale, ni moto. Bila kioo huuoni. Na Jumatano tuliruka nao, yeye na dua zake, mimi na utani wangu. Juzi kama tungekuta kioo ubaoni, tungemwachia daktari bila kufungua tena. Asante Mungu kwa jino la Mama. Sijui kumshukuru Mungu kwa namna nyingine leo.

Nimemwambia daktari leo haturuki. Uso ukamkunjamana, akaanza habari za ng'ambo. Shemeji hakubishana. Kampa kioo.

Kakipokea kwa vidole vitatu, kakigeuza bila kufundishwa. Kazi yake ya kila siku.

Nimeingia ofisini kumpigia muuza vipuri. Simu inaita, haipokelewi, naandika huku nasubiri. Nawaona dirishani. Ng'ambo wameshatoa ndege nje, wamewasha injini. Mke wa daktari anamuuliza kitu. Daktari bado kauinamia ule ufa. Shemeji anammulikia tochi. Mkono mmoja wa daktari una kioo. Ule wa pili umembana binti yake kifuani, na mtoto anajitahidi ashuke, naye hamwachii—