Vifungo Sita Vyeupe

Mbwera, 27 Machi 2024

Mwanangu Zena,

Asalaam aleykum. Mimi mzima, ila goti linanisumbua na swaumu inanikausha koo. Wewe na wajukuu zangu hamjambo? Mnara wa simu haujapona tangu mvua zianze, basi tumerudi kwenye barua kama zamani.

Mdogo wako Ashrafu anakuletea mchele. Amevaa shati la buluu, nimelitia vifungo vya kopo langu: chekundu cha gauni lako la utotoni, cha kahawia cha koti la marehemu baba yenu, na vingine vinne kila kimoja na kabila lake. Usicheke. Nyie mafundi wa Kibiti mnanunua vifungo kwa dazeni. Kwangu nguo haiwi tambara kabla sijaikata vifungo. Na nguo ya nyumba hii naijua hata ikianikwa kwa jirani.

Mrudishe kabla ya Idi.

Mama yako, Mwanamina

Kibiti, 7 Aprili 2024

Mama yangu mpenzi,

Waaleykum salaam. Sisi wazima, pole kwa goti. Mchele umefika, ahsante sana. Ashrafu ameondoka jana alfajiri kwa haraka zake, nikashindwa kumpa barua. Nampa hii Mshamu wa boti, anayesubiri maji yatulie pale Nyamisati.

Usinikasirikie. Wateja walimcheka Ashrafu, na mimi fundi nikaona haya. Nilivitoa vifungo vyako nikamshonea sita vyeupe, vya namna moja. Akajitazama kwenye kioo, akasema, "Dada, sasa naweza hata kuposa!" Vyako nimevifunga kwenye karatasi, havijapotea.

Idi njema.

Binti yako, Zena

Mbwera, 13 Aprili 2024

Zena mwanangu,

Asalaam aleykum. Hamjambo? Barua yako sijaipata, na Mshamu hajaonekana. Hii namtuma Yassin, anajua kupenya kwa mtumbwi.

Nimeponea chupuchupu. Mkesha wa Idi maiti ya kijana iliokotwa kwenye mikoko, boti iliyotoka Nyamisati imepinduka. Tukaitwa sisi wenye watu safarini. Uso ulikuwa umeharibiwa na maji, wameufunika. Nikaona shati la buluu. Nikainama: vifungo sita, vyeupe vyote! Nikasema kwa sauti, "Huyu si wangu." Nikamshukuru Mungu, astaghfirullah, na huku mama wa mtu anamsubiri mwanawe. Hakupata wa kumtambua, wakamzika ukingoni mwa mto kama mgeni. Sikukaa, nilirudi kuchambua mchele wa pilau.

Najua umemzuia Ashrafu kwa ajili ya maji. Umefanya vyema. Mwambie asije hadi yapungue.

Mama yako

Kibiti, 18 Aprili 2024

Mama,

Ashrafu hayupo kwangu. Aliondoka tarehe sita. Vifungo vyeupe nilivishona mimi, na barua ya kukueleza bado iko kwa Mshamu, amekwama. Yassin anakuletea hii pamoja na vifungo vyako sita.

Mama, yule ni wetu. Nisamehe. Nahangaika kuja, boti hakuna.

Zena

Mbwera, 4 Mei 2024

Zena,

Waaleykum salaam, ingawa hukunisalimu. Barua zako zimefika zote mbili.

Yassin alinipeleka. Ukingo umeliwa na maji, kaburi halipo. Lililobaki ni shati. Mzee Swalehe aliyemwosha alilitunza, hakuweza kulivaa wala kulitupa. Nililala nalo siku nne. Kisha nikavikata vyeupe, nikarudisha vyangu. Matundu ya sindano yangu bado yapo, chekundu kimekaa palepale.

Unasema kosa ni lako. Sikiliza mwanangu. Kile kidole cha mguu Ashrafu alichojikata kwa jembe nilikifunga mimi kwa mikono yangu, nikakiuguza mwezi mzima. Siku ile uso ulifunikwa, miguu ilikuwa wazi. Sikuitazama. Nilitazama vifungo, nikapata jibu nililolitaka, nikakimbia. Mama gani huyo? Hilo ndilo linalonila, wala si wewe.

Vyeupe vimo koponi pamoja na vingine vya koti la baba yako. Sijawahi kutupa kifungo, sitaanza na hivyo.

Njoo maji yakipungua. Shati nimelianika kambani, utaliona ukishuka botini. Sasa kila apitaye analijua ni la nani.

Mama yako