Mume wa Kamene

Jumatatu, 3 Machi

Kamati ya Huduma za Jamii, Kitui. Chai kwanza, kama kawaida. Kisha maombi, kisha mswada: mjane akifukuzwa shambani, kaunti impe wakili. Mswada mzuri. Nikasoma maana ya mjane. Mwanamke aliyefiwa na mume. Nikauliza, na iweto je? Ameolewa na mwanamke asiye na mtoto, amzalie watoto waitwe kwa jina lake. Huyo mwanamke akifa, iweto si mjane? Mwenyekiti akacheka. Akasema sisi ni watu wa kanisa, hayo tuliyaacha. Tuliyaacha wapi? Wadi yangu imejaa maweto.

Jumatano, 5 Machi

Ikutha, kuchukua maoni ya wananchi. Hema dogo, jua kali. Kamene akasimama, watoto wake wakimshika nguo.

"Mimi ni iweto, niliolewa na Mbeke. Alileta mbuzi ya ntheo kwetu, watu wakakula. Hawa watoto ni wake. Sasa amekufa, mashemeji wake, ndugu za marehemu mume wake, wanasema nitoke kabla mvua inyeshe."

Bila mbuzi wa ntheo hakuna ndoa Ukambani. Kila aliyekaa meza kuu anajua hivyo. Mwenyekiti alikuwa anaangalia simu. Nilitamani kuitupa kisimani.

Ijumaa, 14 Machi

Ripoti imetoka, na nakala zimeshapelekwa Ikutha. "Bi. Kamene, mfanyakazi wa nyumbani wa marehemu Mbeke." Mfanyakazi! Nikamwendea karani. Anasema iweto haina Kiswahili wala Kizungu, na mwenyekiti ndiye aliyemchagulia neno.

Mwenyekiti huyu huyu! Nyanya yake mzaa baba alikuwa iweto. Shamba lake la Matinyani, lile analowaonyesha wageni, limetokana na ndoa hiyo. Matinyani nzima inajua.

Jumanne, 18 Machi

Nimesema. Mbele ya kamati yote, na kwa Kikamba, neno lisipotee njiani tena. Nilimuuliza kama nyanya yake naye alikuwa mfanyakazi wa nyumbani. Mjumbe mmoja, mchungaji, akaanza kusafisha miwani. Mwenyekiti akafunga faili na kuahirisha kikao mpaka baada ya likizo. Hakuna kura, hakuna marekebisho. Ripoti inabaki ilivyo.

Pengine ningemeza maneno yangu ningepata kura mbili tatu. Sijui. Nimechoka kumeza. Lakini mvua haitangoja likizo yetu, na hilo ndilo linaniuma.

Nikampigia Kamene. Akauliza likizo inaisha lini.

Jumapili, 6 Aprili

Baada ya ibada nilienda Ikutha. Mvua imeshanyesha. Mlango wa Kamene una kufuli mpya. Ndengu zimepandwa mpaka ukutani, na shemeji mmoja wa Mbeke alinisalimia vizuri tu, kwa heshima ya mheshimiwa. Kamene na watoto wamepanga chumba sokoni.

Jirani ameniambia Kamene huja asubuhi kufagia kaburi la Mbeke, kisha huondoka. Mashemeji hawamzuii. Wanasema hata ripoti ya kaunti imeandika kwamba hiyo ndiyo kazi yake.

Nilisimama pale kaburini kidogo. Palikuwa pasafi.