Siku Niliyomkalimania Baba

Jumapili jioni. Baridi ya Sydney leo imeniingia hadi kwenye mifupa. Jua limewaka siku nzima bila kusaidia kitu.

Jana ilikuwa siku ya familia katika kambi ya jeshi la Australia ninakotumikia. Nilimpeleka baba.

Baba ni sajini mstaafu. Amekuja kutoka Tanga kunitembelea, na sasa yuko kwa binamu yangu, mtaa wa Minto. Kwangu Bankstown alikataa kulala tangu nilipomtambulisha kwa Daniel na kumwambia, bila kuzunguka, kwamba huyu ndiye mwenzangu wa maisha. Hakufoka. Aliuliza tu kama jeshini wanajua. Nikamjibu kuwa wanajua wote, na Daniel hualikwa kama wanavyoalikwa wake na waume wa wenzangu.

Nadhani hakuniamini.

Kwa hiyo jana, alipoomba kuonana na mkuu wangu, nilifurahi. Alikuwa amevaa suti, viatu vinang'aa. Nilidhani anataka kumshukuru, askari kwa askari.

Meja, mwanamke wa makamo, alimvutia kiti. Baba hakukaa. Alisimama wima, akaniamuru nitafsiri neno kwa neno, nisipunguze.

"Mwambie kwamba mwanangu anawadanganya. Anaishi na mwanamume mwenzake kama mke na mume. Jeshi lenye heshima haliweki mtu wa namna hii. Namwomba amfukuze."

Meja hajui Kiswahili hata cha salamu. Ningeweza kusema mzee anashukuru kwa chai.

Nilitafsiri yote.

Meja alinitazama mimi kwanza, halafu baba. Akasema hakuna aliyedanganywa, kwamba mimi ni askari mzuri na haoni sababu ya kunifukuza. Na hilo pia nililitafsiri. Nilikuwa najisifia kwa baba yangu mwenyewe, kwa sauti ya mtoto aliyefumwa.

Baba alishukuru, akakakamaa kijeshi, akageuka. Nje, watu wakiwa kwenye foleni ya soseji, alinisemesha mara moja tu.

"Umetafsiri vizuri."

Sikumbuki kama aliwahi kunisifu kabla ya hapo.

Gari langu hakulitaka. Alisimama getini peke yake hadi binamu alipokuja kumchukua.

Leo mchana nimepata ujumbe wa dada yangu Mwanaidi. Baba amepiga simu nyumbani. Amewaambia nimehamishiwa kituo cha mbali ambako jeshi limekataza simu, kwa hiyo wasinitafute tena. Mama amelia, anauliza nitarudi lini. Mwanaidi ameniandikia hivyo hivyo, kwa kubahatisha kwamba ujumbe utanifikia.

Daniel anasema nimpigie mama sasa hivi. Kwake ni jambo jepesi. Lakini nikipiga, baba anakuwa mwongo mbele ya mkewe, na mama atataka kujua kwa nini ametunga uongo mkubwa hivyo.

Nisipopiga, ndiyo basi, kwao nimekwisha.

Namba ya mama iko hapa kwenye kioo cha simu. Akipokea, nitaanza na neno gani?