Mama Mkwe Amenitumia Ujumbe

Jumatatu, 3 Machi

Sokoni Mukendo, hapa Musoma. Mbuzi wote wameisha asubuhi. Yule beberu wa Kabasa nilimsifu mpaka nikataka kumnunua mwenyewe. Mteja alikuja kuniuzia mbuzi wake, akaondoka na wangu. Bunda mpaka Musoma hakuna dalali kama mimi. Wapwa zangu kule Murangi wananiitaga Mjomba Satelaiti.

Mama Nyamisi, mke wangu, kashinda kwenye cherehani. Sare za kwaya. Picha za nguo anaweka kwenye akaunti yake ya kazi mtandaoni, wateja wanatuma vipimo humo humo. Akaunti ilifunguliwa kwa laini yangu, ile iliyoko kwenye kisimu changu cha tochi. Kwa hiyo ukiangalia vizuri, mwanzilishi ni mimi.

Jumanne, 4 Machi

Ajabu. Mama mkwe amenitumia ujumbe! Kwenye simu yangu kubwa, na picha yake akiwa na kitambaa cha kanisa. Toka nioe hatujawahi kutazamana usoni. Kwetu mkwe ukimwona njiani unaacha njia. Niliwahi kujificha kwenye shamba la mihogo nikimpisha, nikatoka mihogo imekomaa.

Kaandika: "Habari Magesa, nimekosea nimejaza namba yako. Kuna tarakimu sita zimekuja kwako, nitumie haraka."

Kweli, kisimu kikalia. Tarakimu sita. Chini imeandikwa usimpe mtu yeyote. Lakini mama mkwe ni mtu yeyote? Kumpigia nimuulize? Adabu gani hiyo. Nikatuma mbio. Nikajiona mkwe bora mkoa mzima wa Mara.

Jumanne hiyo hiyo, mchana

Mama mkwe tena. Sasa anataka namba ya siri ya pili. Hiyo sinayo. Aliiweka Mama Nyamisi, nikamcheka kwamba kufuli juu ya kufuli ni uoga. Nikaenda kumwomba.

Kasoma ujumbe. Mguu ukasimama kwenye cherehani.

"Mama yangu akuite Magesa?"

"Si jina langu?"

"Baba Nyamisi, mama hajawahi kulitamka hata kwangu. Na lini alikuandikia wewe? Huyu mwizi."

Akafungua akaunti yake. Imemtoa nje. Wateja wote, vipimo vya kwaya nzima, kazi yake yote, iko humo. Niliogopa. Naandika hapa tu: niliogopa sana.

Yeye hakupiga kelele. Akajaza namba ya laini upya, kisimu kikalia, akasoma tarakimu mpya mwenyewe, halafu akaweka ile ya siri yake. Akaunti ikafunguka. Mwizi nje.

"Uoga wangu umemshinda," kasema. Akarudi kushona.

Halafu akawatumia wateja sauti yake: ukiombwa kitu kwa jina langu, nipigie kwanza unisikie. Nimeona wanaume wakikamata mamba kwa mkia. Sijaona kama huyu.

Jumatano, 5 Machi

Mwizi bado kakalia akaunti ya mama mkwe. Ameshaandikia mashemeji na akina mama wa kanisa. Wanamheshimu, hakuna anayemuuliza. Shangazi wa Bunda ilibaki kidogo tu atume tarakimu zake, Mama Nyamisi akamuwahi. Kesho nani? Simu ya mama haipatikani. Mama Nyamisi ana sare za Jumapili, ananituma mimi kwa mama yake, Butiama.

"Nitamkaribiaje?"

"Simama nyuma ya jiko. Geukia migomba. Mdomo unao."

Alhamisi, 6 Machi

Nimesimama nyuma ya jiko, nimegeukia migomba. Mama mkwe ndani. Nikaeleza nilichotumwa. Yeye alidhani simu imeharibika, akaizima. Alibonyeza kiungo cha kupigia kura kwaya, kikamdai namba yake na tarakimu zilizomfikia. Akatoa zote.

Simu yangu nikaiweka dirishani, mkono kinyumenyume, Mama Nyamisi akielekeza kwa sauti kubwa kutoka Musoma. Mama akawasha simu yake, akabonyeza mwenyewe. Hakukosea hata mara moja, akaunti yake ikarudi. Yule mwizi alikuwa hajaweka kufuli la pili. Mama kaliweka. Hakumtajia mtu namba, hata binti yake.

Halafu akaongea na binti yake kwenye simu, mimi nikiwa hatua tatu pale: "Mwambie mkwe wangu, siku nyingine nikiomba kitu aulize. Apitie kwako, lakini aulize. Kuulizwa hakunivunjii heshima."

Mama Nyamisi akasema, "Amesikia, mama."

"Basi mwambie pia atoke kwenye mchicha wangu."

Nilikuwa nimeukanyaga wote. Nyumba ile, mama na binti, ni vichwa. Nilijua kuoa.

Jumamosi, 8 Machi

Tumeenda duka la simu kubadilisha usajili wa laini, Mama Nyamisi na mimi. Dada wa pale kauliza mwenye akaunti ni nani.

Nilikuwa na maneno mengi. Nikasema huyu hapa.

Mama Nyamisi akaweka kidole, laini ikawa yake. Nikampa kisimu. Amekitia mfukoni, tumerudi nyumbani kwa miguu. Upepo wa ziwa kidogo.