Dunia Ambayo Mwanaidi Ni Mzima

Biharamulo, Jumatano, katikati ya Ramadhani. Joto limesimama tangu asubuhi na mawingu yamegoma kushuka.

Mwanaidi, binti yangu, alikuwa amelala tena. Nilimkuta jikoni akichambua mchele, ungo mapajani, kichwa ukutani. Mwezi huu kila mfungaji husinzia mchana, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka, nami nikiwemo.

Ila usiku halali. Huzunguka uani akilalamikia kichwa. Mwezi uliopita alikwenda Nyamigogo kununua karanga, akapita pori lenye mbung'o.

Neno malale, ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o, sikuwa nimeliandika mpaka sasa.

Katika vitabu vya marehemu baba, nilivyokuja navyo kutoka Pwani nikiwa kijana, wanazuoni wanabishana: Mwenyezi Mungu ameumba dunia hii moja, au maelfu kwa maelfu ya nyingine? Ubishi huo umenifariji miaka mingi ya ugenini. Kama dunia hazina mwisho, kila linalowezekana lina mahali pake. Ipo ambayo sikuondoka Bagamoyo, na leo nitafuturu na kaka zangu.

Leo wazo lilelile limenigeuka. Kama kila linalowezekana linatokea, basi hakuna linaloachwa. Ipo dunia ambayo Mwanaidi amechoshwa na saumu tu. Zipo pia zisizohesabika ambazo anakufa, na ndani yake wazee kama mimi wameketi wakijifariji kwa ile moja.

Wingi wa dunia haupunguzi uchungu wa hata moja.

Alasiri mkwe wangu, Rajabu, aliporudi kutoka dukani, nilimwambia nataka mkewe apelekwe kwa daktari wa serikali.

"Saumu hiyo, baba. Mimi mwenyewe leo nimesinzia nikimpimia mtu chumvi."

"Wewe usiku unakoroma. Mwenzio anakesha."

"Wakimkuta na malale watamweka kambini, kwa wagonjwa wenzake. Na njiani itabidi ale. Watu watasema binti wa mzee msomi anakula mchana."

Hofu yake ilikuwa yangu pia.

Mwanaidi akatokea mlangoni. "Mnanizika hata kabla ya futari?"

Nilimwomba ainamishe kichwa, nikampapasa nyuma ya shingo, kama wapimaji wa malale wafanyavyo kwenye vizuizi vya barabarani, wakitafuta tezi zilizovimba. Tezi ziliteleza chini ya kidole changu, ngumu, kama punje za njugu. Rajabu aliniangalia usoni, kisha akatazama chini.

"Na kama ni uchovu tu, baba?" Mwanaidi aliuliza.

"Basi utalipa saumu zako baada ya Idi, tutakucheka, yaishe."

Kukosea huko kunalipika. Kukosea kwa kungoja hakulipiki.

Rajabu ametoka kutafuta wachukuzi wa machela. Amevaa viatu vya safari.

Najua, kama dunia ni nyingi kiasi hicho, yupo mimi mwingine aliyeamua kusubiri mwezi uandame. Siwezi kumfikia, wala binti yake. Mikono yangu inafika hapa tu.

Tutaondoka alfajiri. Nimemkorogea Mwanaidi uji, maana mgonjwa ana ruhusa na safari inataka nguvu. Alitaka kuunywa ndani, mlango umefungwa. Nimemwambia aje barazani, akae kando yangu. Jua bado liko juu, watu wanatoka sokoni, na yeye anakunywa.